Hesabu Ambayo Verne Hakuipiga

Mzozo ulianzia kwenye ngazi ya tatu ya nyumba yetu ya Malindi, mjini Unguja, baada ya sala ya alasiri, pale mtoto wa kaka yangu alipoinua uso kutoka kwenye simu ya mama yake na kuuliza: “Babu, kweli kuna watu walirusha puto kutoka Unguja wakavuka nalo Afrika nzima mpaka Senegali?”

Babu, ambaye ameendesha vyombo tangu enzi za tanga, alitua kikombe cha kahawa. “Lini hiyo?”

“Tarehe 18 Aprili 1862. Imeandikwa hapa.”

Imeandikwa kweli, ila si tarikhi. Ni riwaya ya kwanza ya Mfaransa Jules Verne, ile ya wiki tano ndani ya puto, iliyotoka Paris mwezi wa Januari 1863 na kumfungulia njia ya kuandika safari za mwezini na za chini ya bahari. Daktari wake wa kubuni, Samuel Fergusson, anashuka Zanzibar na wenzake wawili, anajaza gesi, anapaa. Mtoto huyu wa miaka 12, ambaye nitamwita Mwanetu, alikuwa amekikuta kisiwa chake ndani ya kitabu cha miaka zaidi ya 160, na macho yalikuwa yamemtoka.

Babu alikwisha kuahidi vitabu vitatu, zawadi ya kufaulu, na Mwanetu alikwisha kutoa masharti: viwe vya nyota, mashine na safari za angani. Hadithi za kisayansi. Kwa hiyo swali la puto liligeuka mara moja likawa la watu wazima. Je, hiki ni kitabu cha kumpa mtoto wetu? Jioni ile hakuna aliyekubali kunyamaza. Nayaandika maneno yao kwa sababu naamini nyumba nyingi za Unguja zina mtoto kama huyu, na wazee wake hawana wa kumuuliza.

MJOMBA (kaka wa mama yake, mtu wa fasihi): Asipewe. Na sisemi kwa kusikia, nimekisoma mpaka mwisho. Kuna mahali wenzake Fergusson wanaliona puto limezingirwa, wanadhani ni watu weusi, kumbe ni nyani. Na mzaha unaofuata ni kwamba kwa mbali tofauti si kubwa. Kule Tabora, yeye anaiita Kazeh, watu wazima wanadhani puto ni mwezi umeshuka na hao Wazungu ni wana wa mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza ndipo wanapogutuka. Huyu mtoto anachokisoma kinamganda. Mnataka kimgande hiki?

USTADHI (anamsomesha chuoni): Mie kanikera pengine. Umetwambia kasema watu wa Unguja walitaka kulizuia puto kwa kuwa wanaabudu jua na mwezi, wakahofu litakwenda kuvidhuru, ndiyo msafara ukahamia kisiwa kidogo. Mwaka 1862! Mji wa Sayyid Majid, adhana mara tano kila siku. Mwezi sisi twautazama kwa kufunga na kufungua. Kuhesabu siku kwa mwezi ndiyo kuuabudu? Huyu bwana hakumuuliza hata mtu mmoja.

BABU: Na hicho kisiwa kakiitaje?

MWANETU: Koumbeni.

BABU: Kombeni niijuayo mie iko njia ya Fumba, waenda kwa gari. Visiwa vya mbele ya mji huu ni Changuu, Chapwani, Bawe na wenzao, nimevizunguka usiku na mchana, na Kombeni haimo. Lakini ngojeni, tusimwonee. Aprili kusi inaanza kuamka, upepo watoka baharini kusini mashariki, wasukuma bara. Upepo kaupatia. Ila Aprili ni masika, na arushaye chombo Aprili aulize kwanza mvua.

Kaka yangu, baba wa mtoto, alikuwa na hoja yake: kama ni sayansi asome sayansi, maana hesabu na sayansi skuli wanazisoma kwa Kiingereza, mtihani hauulizi hadithi. Ni hoja ya mzazi anayejali, na nimeisikia kwenye nyumba nyingi. Sitakaa nayo, kwa kuwa Maalim aliyekuwa amekaa mwisho wa baraza aliijibu kwa penseli.

MAALIM (jirani, anasomesha fizikia): Nipeni karatasi. Huyu bwana, yake mengine tuyaweke kando kwanza, hesabu za chombo chake kazipiga. Mzigo wote anautaja: ratili 4,000, watu watatu, nanga, bunduki, chakula, maji, mpaka hema. Hidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14 na nusu. Kutokana na hapo unapata puto liwe kubwa kiasi gani. Sasa, maputo ya zama zake, ukitaka kushuka unaachia gesi, ukitaka kupanda unatupa mchanga. Gesi na mchanga vikiisha, safari imekwisha. Fergusson hataki kupoteza chochote. Anaipasha gesi moto. Kila digrii moja ya Farenhaiti gesi inatanuka sehemu moja katika 480, puto linapanda. Akipunguza moto inapoa, linashuka. Na huko juu upepo wa tabaka moja hauendi sawa na wa tabaka jengine, kwa hiyo anapanda na kushuka mpaka apate unaokwenda anakotaka. Mtoto akiyasoma haya kwenye kitabu cha skuli atayakariri. Humu atayataka.

MWANETU: Moto wenyewe anaupata wapi?

MAALIM: Ana betri. Umeme unayatenga maji yawe hidrojeni na oksijeni, halafu anaziunguza tena pamoja. Moto huo ndio unaopasha.

MAMA: Moto, karibu na puto la hidrojeni?

MAALIM: Na hofu yako ni ya haki. Ile meli ya angani ya Wajerumani, Hindenburg, iliungua kwa hidrojeni mwaka 1937, wakafa watu 36.

Mwanetu alikuwa kimya, anatazama karatasi. Kisha: “Maalim, kama betri ina nguvu ya kuyatenga maji, kwa nini asiipashe gesi kwa betri hiyo hiyo? Hizo mbili akiziunguza tena anapata zaidi?”

Maalim aliweka penseli chini. Nimewahi kumwona akisomesha, lakini uso ule sikuwahi kuuona. “Hapati zaidi, mwanangu. Hapati hata sawa, nyengine inapotea njiani. Na betri za zama zile, kwa kazi ile, zingekuwa nzito kupita uwezo wa puto lenyewe kuzibeba.” Akageukia baraza yote. “Mmesikia alichouliza?”

Nilisikia, na ndipo nilipoingia mimi. Verne aliyapima maji kwenye tangi na akaipima nanga. Alisoma taarifa za wasafiri, akazipanga tarehe na majina ya miji. Alipofika kwa watu wa miji hiyo hakupima tena. Aliandika alichokuta kimeandikwa na alichokuta kikichekwa Ulaya, akaendelea na safari. Mwanetu amelikamata kosa la betri kwa swali moja tu: nguvu imetoka wapi? Kosa la watu wanaoabudu mwezi Unguja linakamatika kwa swali lile lile: wewe umejuaje? Mtoto anayeweza kuuliza la kwanza anaweza kuuliza la pili, iwapo tu amepewa ruhusa. Na ruhusa hiyo watoto wetu hatuwapi. Alipotuonesha simu alisema, “Imeandikwa hapa,” na kwake hilo lilitosha kuwa ushahidi. Basi mie nilisema apewe kitabu hicho, akisome kama anayekagua hesabu za mtu mwengine.

MJOMBA: Shemeji, umesema vizuri lakini umezilinganisha zisizolingana. Betri ikikosewa hakuna anayeumia. Ule mzaha wa nyani unamhusu yeye, na babu yake, na mimi. Atakuwa peke yake chumbani, saa nne ya usiku, taa ya simu usoni, na mwandishi anayempenda atamwambia kwamba yeye ni kichekesho. Utakuwepo kumwambia “muulize amejuaje”?

Sikuwa na jibu la haraka, na sasa nikikaa naona alikuwa amenisahihisha. Kutoa ruhusa hakutoshi. Kitabu cha namna hii kisomwe kwa sauti, barazani, mtu mzima akiwepo, na pale panapouma pasirukwe. Nilimwambia hivyo. Hakuridhika, ila alisema kama ni hivyo atakuja siku ya sura ya nyani, na asome yeye.

Mbona tunaanzia Ufaransa, aliuliza Ustadhi. Akasimulia, kwa sauti ya darsa, hadithi aliyoiandika Ibn Tufayl wa Andalusi katika karne ya 12: Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyekulia peke yake kisiwani, akilelewa na paa. Paa anapokufa, mtoto anataka kujua nini kimeondoka mwilini. Anampasua, anatafuta, anafika kwenye moyo. Kutoka hapo anasoma wanyama, moto, nyota, na kwa akili yake tu anapanda mpaka kumjua Muumba. “Mtoto wa kisiwa,” alisema, “bila kitabu, bila mwalimu. Hii nitamsimulia mwenyewe, hainunuliwi.” Mwanetu alitaka kujua kama alipompasua paa alilia. Ustadhi alisema atalikuta jibu wakifika.

Mimi nilimtaja mtu wa karibu zaidi, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi. Watu wataniambia mhusika wake, Bwana Msa, ni mpelelezi, hana roketi. Kweli. Lakini tazameni alichokifanya kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, na tena kwenye Kisima cha Giningi cha mwaka 1968. Vichwa vya vitabu vinanukia ubani. Kila Mzanzibari akisikia Giningi anajua anapelekwa kwa wachawi. Halafu anatokea mtu na kiko chake, anatazama, anauliza nani alikuwa wapi saa ngapi, na kitendawili kinafunguka kwa ushahidi, mzimu hauhitajiki. Mtoto aliyelelewa na Bwana Msa atamsoma mwandishi yeyote wa sayansi akiwa macho. Tena ni Kiswahili cha hapa hapa, kinachomfanya msomaji acheke barazani. Bwana Msa sikukubali ajadiliwe. Nilimweka namba moja, na kaka yangu, ambaye alimsoma utotoni kwa tochi chini ya shuka, hakusema neno.

Maghribi ilikuwa inakaribia, na nilidhani tunamaliza, Babu alipotoa alichokuwa nacho.

BABU: Mnazungumza puto la uongo lililotoka hapa. La kweli lililopita hapa hamlitaji? Mwaka 1962 nilikuwa na miaka kumi na saba. Tunguu pale Wamarekani walikuwa na kituo chao, sahani na minara, umeme wao wenyewe. Watu wakisema ni makombora, wanasiasa wamesimama majukwaani wakisema kisiwa kitakuja kupigwa kwa sababu yake. Mie nilikuwa na binamu kibarua huko. Akitwambia hapana kombora, pana watu wanasikiliza mbingu. Tukamcheka. Basi Ramadhani ile, kati ya mwezi, kumi na tano hivi, tumekaa twangoja adhana tufuturu. Siku ya pili redio ikasema mtu kazunguka dunia mara tatu na kapita juu yetu. Tulikuwa tumekaa na tende mkononi, na mtu yuko juu ya vichwa vyetu!

Nimeyafuatilia baadaye na Babu hakukosea. Ilikuwa tarehe 20 Februari 1962. John Glenn aliondoka Florida saa 11 na dakika 47 za jioni kwa saa za kwetu, na haikupita nusu saa alikuwa anga ya Zanzibar. Kituo cha Tunguu kilikuwa kimoja katika mnyororo wa vituo vilivyoizunguka dunia ili chombo kisipotee masikioni. Kabla yake kulikuwa na Kano, Nigeria, na baada yake meli iliyotia nanga Bahari ya Hindi. Alipokuwa juu yetu alivuta kamba ya mpira kwa nguvu, kipimo cha madaktari, na mapigo ya moyo wake yakapanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika. Kwa hiyo jioni ile ya kumi la pili la Ramadhani, kulikuwa na watu Tunguu wanaosikiliza moyo wa mtu aliye angani, na maili kumi tu kutoka hapo mji mzima unangoja adhana. Machweo yake ya kwanza aliyaona dakika chache baadaye, juu ya bahari yetu.

Kituo kilifungwa Aprili 1964, miezi mitatu baada ya Mapinduzi, kwa amri ya serikali mpya. Leo ukienda Tunguu utakuta wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakingoja daladala. Sijawahi kuona riwaya ya Kiswahili iliyoanzia pale, na kila nikipita njia ile jambo hilo huniuma. Kibarua wa Tunguu aliyechekwa na wenzake kwa kusema ukweli, si mwanzo wa kitabu huo?

MWANETU (Babu alipomaliza tu): Shangazi, huyo mtu aliyepita juu yetu yumo kitabuni?

Nilimwambia vitabu vyake vipo, vya kweli. Cha kubuni, cha mtoto wa Tunguu, hakijafika mkononi mwangu.

MAMA: Sasa na mimi nisikilizwe, maana simu ni yangu na najua anachokitafuta humo. Yeye anataka kile kinachoitwa Binti.

Hapo kila mtu alidhani anatania, kwa jina. Lakini ndivyo kinavyoitwa. Kimeandikwa kwa Kiingereza na Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kikatoka mwaka 2015, kikapata tuzo mbili kubwa za fani hii, Hugo na Nebula. Msichana anayeitwa Binti ni Mhimba wa Namibia, bingwa wa hesabu kiasi kwamba namba humtuliza kama uradi. Pamoja na baba yake hutengeneza asturlabu. Anapata nafasi chuo kikuu cha sayari nyengine, wa kwanza katika watu wake, na anakwenda na udongo wa kwao uliochanganywa na mafuta, ule anaojipaka mwilini, na wapo wanaomcheka kwa ajili yake.

MAMA: Nimekisoma usiku mmoja, si kirefu. Mwanzoni tu viumbe wanaingia chomboni wanaua karibu wote. Hilo niliweza kulivumilia, habari za redio ni mbaya zaidi. Lililonikaa ni kwamba huyo msichana kaondoka usiku, hajaaga. Mama yake kaamka mtoto hayupo.

Wanaume walinyamaza. Mwanetu alitazama miguu yake. Nilifahamu kwamba wifi yangu alikuwa anasema jambo ambalo lilikuwa limemkaa kwa miezi: mtoto huyu ataondoka. Skuli ya mbali, kisha chuo, pengine Dar es Salaam, pengine mbali kuliko huko. Kitabu hakikulizua jambo hilo, kilikuwa kimelitamka mbele yake tu.

Nilimjibu nilivyoamini. Kuondoka bila kuaga, kitabu hakikisifu. Binti analibeba jambo hilo safari nzima. Udongo wa kwao unasaidia kumwokoa, na kiu ya kurudi nyumbani haimwachi. Kati ya vitabu vyote tulivyotaja, ni hiki peke yake ambacho mpiga hesabu ni msichana kama huyu aliyekaa kwenye ngazi. Verne angempa kisiwa chake. Okorafor anampa kiti cha nahodha.

MAMA: Basi tusome wote wawili. Mimi mbele, yeye nyuma. Na akifika pale pa kuondoka usiku, anambie anaonaje.

Mjomba aliomba nafasi ya tatu kwa Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, na sababu yake ilikuwa nzito: hadithi ya chombo cha angani iliyoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na mtu wa pwani hii hii, upande wa Kenya. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa ili asirudi, na badala ya kufa anafika Walenisi, nchi ambayo jina lake ukilikata vipande linakutazama: wale ni sisi. Mwandishi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini nchini mwake katika miaka ya 1980, na hasira ile imo ndani ya kila ukurasa. Nakipenda mno. Lakini ni kitabu cha hoja ndefu juu ya utawala na haki, na kwa miaka 12 nilihofu ataishia kwenye roketi. Tukakubaliana Mjomba akinunue na kukiweka kwake, akitoe siku Mwanetu atakapouliza kwa nini watu wengine wana maji na wengine hawana. Mjomba alisema siku hiyo haiko mbali, maana mfereji wa mtaa wao hutoka usiku tu.

Kwa hiyo orodha ya Babu ikawa hivi: Bwana Msa, Binti, na cha tatu pesa yake imebaki, kwa kuwa Verne amekufa siku nyingi na riwaya yake inapatikana intaneti bila malipo. Pesa hiyo Mwanetu aliiomba mwenyewe. Alitaka daftari la kurasa nyingi, na nauli ya kwenda Tunguu na Babu siku ya Jumamosi.

Wiki iliyopita alinipa daftari nilitazame. Ukurasa ameugawa kwa mstari wa rula, kushoto kaandika “Gesi”, kulia “Watu”. Upande wa gesi kuna betri, moto, na jumla ya uzito aliyoirudia mara tatu. Upande wa watu kuna mistari minne mpaka sasa. Wa mwanzo unasema: “Jua na mwezi. Amejuaje?” Wa mwisho, kwa wino mwengine: “18 Aprili. Masika. Babu anasema angengoja Juni.”